Ufundi wa Kuuliza Kwenye Meza ya Kodi

Kuanzia mwisho wa Januari hadi tarehe 15 Aprili, katika maktaba, kumbi za makanisa, vyuo na vituo vya jamii kote Marekani, hupangwa meza na kompyuta, na nyuma ya kila meza huketi mtu asiyelipwa. Wanaomjia ni wafanyakazi wa maghala, wapishi wa hoteli, walezi wa wazee, madereva, wajane wenye pensheni ndogo. Kila mmoja ana bahasha ya karatasi mkononi. Baada ya saa moja au mbili ritani yake ya kodi ya mapato imejazwa, imehakikiwa na iko tayari kutumwa, na hajatoa hata senti moja. Makumi ya maelfu ya watu hujitolea kufanya kazi hii kila mwaka. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni kazi ya tarakimu tu. Ukikaa karibu nayo utaona kwamba tarakimu zinahesabiwa na kompyuta, na kwamba alichonacho mhudumu, na kinachostahili kusifiwa, ni ufundi wa kuuliza.

Kwanza tuone kwa nini kazi hii ina uzito. Mfanyakazi wa Tanzania ambaye kipato chake ni mshahara pekee, kwa kawaida hukatwa kodi na mwajiri kila mwezi na habari ikaishia hapo. Mwenzake wa Kenya hukatwa vilevile, lakini hutakiwa pia kuwasilisha ritani kwenye iTax kabla ya Juni kwisha, na siku za mwisho utawakuta wengi wamejazana kwenye vibanda vya intaneti. Marekani ritani ina kazi nyingine zaidi. Kwa kaya yenye kipato kidogo, ritani ndiyo mlango ambao serikali huutumia kuirudishia pesa, na mara nyingi kuipa zaidi ya ilichokatwa. Asiyewasilisha hapati.

Chukua familia ya baba, mama na watoto watatu wa shule ya msingi. Baba anafanya kazi ghalani kwa dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki, mwaka mzima. Mshahara wake ni dola 35,360. Kwa mwaka wa kodi wa 2024, wanandoa waliondolewa dola 29,200 kabla ya kutozwa chochote, kwa hiyo kinachotozwa ni dola 6,160, na kodi yake ni kama dola 616. Nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto inaifuta kodi hiyo yote, kisha inawaletea dola 4,929 mkononi. Juu yake kuna nafuu ya mapato ya kazi, EITC, iliyoanzishwa mwaka 1975 ili kuwainua wanaofanya kazi kwa ujira mdogo. Hiyo inawaongezea kama dola 6,600. Jumla inapita dola 11,500, na fedha alizokatwa na mwajiri kwa ajili ya kodi hiyo nazo zinarudi. Hiyo ni karibu theluthi ya mshahara wake wa mwaka. Ni pango lililolimbikizwa, ni gari la kumfikisha kazini, ni deni la hospitali, ni nauli ya kumleta mama mzazi. Hata hivyo, kwa hesabu za IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, karibu mtu mmoja kati ya kila watano wanaostahili EITC haidai.

Kuziba pengo hilo ndiyo kazi ya meza hizi. Mpango mkubwa unaozisimamia ni VITA, ulio chini ya IRS. Mizizi yake ni sheria ya mageuzi ya kodi ya mwaka 1969, na jina linalotajwa katika kuanza kwake ni Gary Iskowitz, ambaye mwaka 1971 aliuanzisha California, katika chuo kinachojulikana leo kama California State University, Northridge. Wanafunzi wa chuo hicho bado wanaifanya kazi hiyo. Kabla yao, mwaka 1968, shirika la wastaafu la AARP lilikuwa limeanza kuwasaidia wazee na watu wake wanne wa kujitolea; leo mpango wake, Tax-Aide, una vituo katika kila jimbo. Mwaka 2019 Bunge la Marekani liliifanya ruzuku ya vituo vya VITA kuwa ya kudumu kisheria. Huduma inawalenga wenye kipato cha chini, ambacho kikomo chake katika msimu wa 2025 kilikuwa kama dola 67,000 kwa mwaka, pamoja na watu wenye ulemavu na wasiojua Kiingereza vizuri.

Mtu hawezi kuingia tu na kukaa nyuma ya meza. Kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, mhudumu husoma na kufanya mitihani: wa maadili, wa namna ya kuhoji na kuhakiki, kisha wa sheria za kodi. Alama ya kufaulu ni asilimia 80. Aliyefaulu mwaka jana hurudia mwaka huu, kwa sababu viwango na sheria hubadilika, na hata mhasibu mzoefu naye lazima athibitishwe upya. Mtihani wa sheria za kodi unaruhusu kufungua kitabu, na napenda busara iliyomo katika ruhusa hiyo. Mwongozo wa wahudumu, unaoitwa kwa namba yake, 4012, umejaa majedwali ya maswali: ukijibiwa ndiyo nenda hatua ya tatu, ukijibiwa hapana nenda hatua ya tano. Anayetafutwa ni mtu atakayefungua ukurasa kila mara, hata kwa jambo aliloliona jana. Katika ufundi huu, kutegemea kumbukumbu ni kasoro.

Linganisha na upande wa biashara. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu anayejaza ritani za watu kwa malipo anahitaji namba ya usajili tu kutoka IRS. Hakuna mtihani wowote anaolazimika kuufanya. IRS ilijaribu kuweka mitihani hiyo, lakini mahakama iliizuia katika kesi iliyohitimishwa mwaka 2014. Wako wataalamu wa kulipwa walio hodari na waaminifu. Lakini ukweli unabaki kwamba katika nchi hiyo mhudumu wa bure hupimwa kila mwaka, na yule anayekata ada yake kutoka katika marejesho ya maskini anaweza asipimwe kamwe.

Kazi huanza na fomu ya mahojiano, namba 13614-C. Mteja huijaza kadiri anavyoweza, kisha mhudumu huipitia naye mstari kwa mstari kabla ya kugusa kompyuta. Kwa miaka mingi fomu hiyo ilikuwa na majibu matatu kwa kila swali: ndiyo, hapana, na sina hakika. Mhudumu hakuruhusiwa kuliacha hata jibu moja la "sina hakika" likabaki hivyo. Alipaswa kukaa na mteja, kuuliza kwa njia nyingine, kuangalia karatasi, mpaka liwe ndiyo au hapana. Fundi cherehani mwema hapimi kwa macho. Huchukua utepe hata kama mteja ni jirani yake wa miaka kumi. Ndivyo mhudumu anavyoichukulia fomu hii.

Maswali yanayoonekana mepesi ndiyo yenye kina. "Una mke au mume?" Mama mmoja anaishi Louisville, Kentucky, na watoto wawili; mumewe bado yuko kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akisubiri safari. Ameolewa, na atasema ameolewa. Mhudumu asiye makini ataweka alama kwenye kisanduku cha wanandoa wanaojaza ritani kila mmoja yake, na mama atapoteza sehemu kubwa ya haki yake. Mhudumu makini anaendelea kuuliza. Mume aliishi nawe siku yoyote katika miezi sita ya mwisho ya mwaka? Amewahi kufika Marekani? Nani alilipa pango, umeme na chakula? Watoto walilala wapi? Kutokana na majibu hayo, sheria inaweza kumhesabu mama huyo kuwa mkuu wa kaya, daraja lenye nafuu kubwa zaidi. Hakuna kilichobuniwa, kwa kuwa haki yake ilikuwamo katika maisha yake tangu mwanzo, ila ilihitaji mtu wa kuiulizia.

"Watoto wako ni wangapi?" Hapa familia zetu humpa mhudumu kazi ya kweli. Kwa watu wa Bukavu, Uvira au Bujumbura, mtoto anayelelewa nyumbani ni mtoto wa nyumba hiyo, na kuuliza alizaliwa na nani ni utovu wa adabu. Sheria ya Marekani inauliza hasa hilo. Mjukuu anakubalika. Mdogo wako uliyemlea anakubalika. Mtoto wa dada au kaka yako, hata mliyechangia mzazi mmoja tu, anakubalika. Lakini mtoto wa binamu yako, hata kama umemlea tangu anyonye, hahesabiwi katika kundi hilo, isipokuwa aliletwa kwako rasmi na mahakama au taasisi yenye mamlaka ya kuwaweka watoto. Bado anaweza kuwa tegemezi wa aina nyingine ikiwa aliishi nawe mwaka mzima na wewe ndiwe uliyemtunza, na hapo nafuu yake ni dola 500. Tofauti kati ya majibu hayo mawili inaweza kuwa maelfu ya dola.

Sasa fikiria namna ya kuliuliza jambo hilo. Mbele yako yuko mzee aliyekimbia vita na watoto sita, wanne wa kuwazaa na wawili wa marehemu. Ukimuuliza kwa mkato, "Hawa wawili ni wako kweli?", umemtukana, na kuanzia hapo atakujibu kama anayejibu polisi. Mhudumu stadi hueleza kwanza: sheria ya hapa inagawa ukoo kwa namna yake, nami nahitaji kujua ili usikose haki yako wala usije ukadaiwa baadaye. Kisha anauliza: baba wa hawa watoto na wewe, mlizaliwa na nani? Anasubiri. Wakati mwingine kunyamaza kunachukua muda, maana kumtaja baba wa watoto hao ni kumtaja marehemu. Anayeweza kupokea jibu la namna hiyo kwa heshima, kisha akaliandika sawasawa kwenye kisanduku chake, huyo ni fundi.

Tarehe nayo ina mambo yake. Wakimbizi wengi wameandikwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa waliosajiliwa kambini bila cheti hupewa siku hiyo. Nafuu kubwa ya mtoto hukoma mwaka anaotimiza miaka 17. Katika kuhesabu umri huo, tarehe iliyoandikwa kambini ndiyo inayofuatwa. Tarehe ya kuingia nchini nayo huulizwa. Familia iliyotua Desemba na nyingine iliyotua Agosti iliyofuata zinaweza kuwa na ujira ule ule kwa saa na watoto idadi ile ile, lakini ritani zao ni tofauti kabisa, kwa sababu EITC inadai, pamoja na mengine, kwamba mtoto awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Na majina! Kadi ya namba ya hifadhi ya jamii inaweza kuwa imeligeuza jina la ukoo kuwa la kwanza. Ritani ikiandikwa kwa mpangilio mwingine, mfumo wa IRS unaikataa papo hapo. Ndiyo maana mhudumu hushika kadi yenyewe, halafu husoma herufi moja moja.

Kisha inafuata bahasha. Fomu ya W-2 ni ya mshahara. Namba 1099 zina watoto wengi: ya vibarua, ya pensheni, ya riba, ya malipo ya kukosa kazi. Namba 1095-A ni ya bima ya afya iliyonunuliwa kwenye soko la serikali. Huja kwa posta, haina picha wala rangi, na wengi huitupa. Ikikosekana, marejesho husimama. Mhudumu mzoefu akiona kwamba mteja ana kazi mbili zisizo na bima, atauliza, "Bima ya watoto mliipata wapi?" Swali hilo moja huokoa miezi ya kungoja.

Kwa dereva wa teksi za simu au mama anayefanya usafi kwa kujitegemea, mazungumzo huwa marefu zaidi. Anayejiajiri hulipa mchango wa hifadhi ya jamii na wa bima ya afya ya wazee, wa asilimia 15.3 unaohesabiwa kwenye sehemu kubwa ya faida yake, na wengi hawajui mpaka siku hiyo. Lakini gharama za kazi hupunguza faida. Kwa mwaka 2024 kila maili moja ya kazi iliondoa senti 67, ikiwa tu mtu aliandika maili zake. Mhudumu hakisii maili. Hampi mteja namba nzuri ya kutaja. Anamuuliza ana daftari, ana kumbukumbu kwenye simu, ana rekodi za kampuni. Asipokuwa nazo, anamfundisha namna ya kuziweka kwa mwaka unaofuata. Somo hilo ni sehemu ya huduma.

Katika yote, lililo gumu kuliko mengine ni kusema hapana. Vituo hivi vina mipaka iliyoandikwa ya ritani zinazoruhusiwa, na mhudumu hapaswi kuivuka hata akiona mteja amesubiri tangu asubuhi. Biashara iliyopata hasara iko nje ya mipaka. Ritani ya mtu aliyekuwa mgeni nusu ya mwaka na mkazi nusu nyingine iko nje. Mwenye kesi na IRS huelekezwa kwenye kliniki za sheria za walipakodi wa kipato cha chini. Mhudumu anayejua kikomo chake na kukitaja kwa upole anamlinda mteja, kwa sababu ritani iliyotiwa sahihi ni ya mteja, na makosa yake ni ya mteja. Anayedai EITC kwa uzembe mkubwa anaweza kunyimwa kwa miaka 2. Kwa udanganyifu, miaka 10. Fikiria familia ya dola 35,360 ikikosa nafuu hiyo kwa miaka 10, kwa sababu ya mtu aliyetaka kumfurahisha mteja kwa dakika tano.

Ritani ikikamilika haitumwi. Anaitwa mhudumu wa pili, ambaye hakuijaza, naye huanza upya mbele ya mteja: kitambulisho, kadi, majina, watoto, kila karatasi dhidi ya kila mstari, na namba ya akaunti ya benki tarakimu kwa tarakimu. Mtu aliyejaza hukaa kando, husikiliza, hurekebisha. Nimelipenda sana jambo hili. Katika fani nyingi kukaguliwa ni fedheha. Hapa aliyestaafu uhasibu baada ya miaka 40 anakaguliwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, na akionyeshwa kosa husema asante. Mteja anaona kwamba pesa yake imepitiwa na macho ya watu wawili, na kwamba hakuna aliyeona ni usumbufu.

Mwisho ni maelezo kabla ya sahihi. Hiki ndicho ulichopata, hiki ulikatwa, hiki kinarudi na kwa sababu gani. Kama EITC imo, IRS haiwezi kutoa marejesho kabla ya katikati ya Februari. Sheria ya mwaka 2015 ndiyo iliyoweka hivyo, basi usikope kwa riba kwa sababu ya wiki tatu. Wanandoa wote wawili hutia sahihi. Mhudumu haruhusiwi kupokea malipo wala kuomba mchango, na ukweli huo huonekana katika kila anachosema. Kwa kuwa hapati asilimia ya marejesho, hana sababu ya kuyakuza. Kwa kuwa halipwi kwa idadi ya wateja, hana sababu ya kuharakisha.

Na wale wanaokuja bila Kiingereza? Wakongomani ni miongoni mwa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani katika miaka ya karibuni, na Kiswahili kinasikika Louisville, Des Moines, Columbus na Portland ya Maine. Vituo vingi huwategemea wakalimani, na mara nyingi mkalimani ni mtoto wa mteja mwenyewe, binti wa miaka 14 anayelazimika kumuuliza baba yake habari za deni na za ndugu waliokufa. Mzigo huo haumfai mtoto. Unamfaa mtu mzima aliyesoma mwongozo, anayejua tofauti ya mtoto wa kaka na mtoto wa binamu katika sheria ile na katika ukoo wetu pia, na anayejua kutunza siri.

Kwa hiyo nina maneno mawili kwa wasomaji wangu walioko huko. La kwanza ni kwa mwenye bahasha: usimpe mtu theluthi ya mshahara wako aichezee. Beba kitambulisho, kadi za namba za watu wote wa nyumbani, W-2 na kila karatasi iliyokuja Januari na Februari, na uende na mwenzi wako. Kama hukuwasilisha miaka iliyopita, hujachelewa kabisa. Marejesho hudaiwa ndani ya miaka 3, na baada ya hapo hubaki serikalini.

La pili ni kwa mwenye lugha mbili na jioni moja kwa wiki. Mafunzo ni ya bure, kwa kawaida huanza kabla ya mwaka kwisha, na hayadai shahada ya uhasibu. Yanadai uvumilivu wa kufungua kitabu na adabu ya kuuliza, na adabu hiyo wewe ulifundishwa nyumbani. Kajiandikishe.